Kompyuta yako haijafa, piga Linux Mint mwenyewe nyumbani

Mama mmoja mwenye steshenari mtaani kwetu alinipigia simu katikati ya Oktoba 2025 akasema, "Mwanangu hebu pita hapa, kompyuta imeandika maneno ya Kizungu imejaza kioo kizima, na kijana wa pale kwa mafundi ameniambia hii ndio basi tena, nitafute nyingine." Nikaenda. Maneno yenyewe yalikuwa tangazo tu kwamba Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa. Mashine inawaka, inachapa, inatoa barua za maombi ya kazi na mitihani ya wiki ya shule ya jirani kama kawaida, ila mama wa watu alishaanza kuulizia bei za laptopu na alikuwa anafikiria kukopa kikoba. Hapo ndio nikaona niandike hii kitu, namna ya kuitoa Windows na kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, maana najua kuna wengine wengi wameambiwa maneno hayohayo na wengine hela wameshatoa.

Kwanza tuelewane. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015 na Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Kuacha kuhudumia maana yake hawatoi tena marekebisho ya usalama, sio kwamba kompyuta inazima, itawaka tu miaka na miaka. Shida ni kwamba kila tundu jipya litakalogundulika humo linabaki wazi na wewe unaingizia humohumo paswedi ya imeili, ya benki, ya mifumo ya serikali, na kwa steshenari ndio kabisa, kutwa nzima watu wanachomeka flashi zao ambazo hujui zimetokea wapi. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 13, 2026, mtu wa nyumbani anaipata kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwao, au kwa kulipa dola 30. Kama umebanwa chukua hiyo nyongeza upumue kidogo, haina ubaya. Ila siku inaisha uko palepale.

Sasa utauliza kwa nini usipande tu Windows 11. Inategemea prosesa. Fungua Settings, ingia System halafu About, soma jina la prosesa, utakuta kitu kama i5-6300U. Ile namba ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi, kwa hiyo hiyo ni ya 6. Ukikuta i5-8250U hiyo ni ya 8, na ukikuta i5-10210U hiyo ni ya 10, maana zenye tarakimu tano unasoma mbili za kwanza. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kile kichipu cha usalama kinaitwa TPM 2.0, ramu GB 4 na nafasi ya GB 64. Ukitaka kujua kama TPM ipo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, itakujibu. Yako ikitimiza basi panda Windows 11 bure na maisha yaendelee, huna haja ya kusoma zaidi ya hapa. Lakini zile mashine za mtumba zilizojaa madukani kwetu, EliteBook 840 za G1 mpaka G3, ThinkPad T440 na T450, Latitude za miaka ileile, zote ziko chini ya kizazi cha 8, yaani zimeachwa nje. Wapo mafundi wanaoruka ukaguzi wakakupigia Windows 11 humohumo na inakubali, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza vigezo haina uhakika wa kupata apudeti, kwa hiyo umezunguka umerudi kwenye shida ileile uliyokuwa unaikimbia.

Hapa niseme la moyoni. Mimi sikubali kabisa kwamba kompyuta yenye i5 na ramu ya GB 8 ni takataka. Kuandika barua hakujawa kuzito tangu 2015. Kilichozidi uzito ni programu, na sasa hivi wauzaji wamekuja na kompyuta za akili mnemba, zile za Copilot+ ambazo Microsoft wanataka ziwe na ramu kuanzia GB 16 na kichipu maalumu cha hesabu za akili mnemba, na mtu anayechapa risiti na kujaza fomu anaaminishwa kwamba bila hiyo amepitwa na wakati. Hajapitwa. Tarehe ya kuacha kuhudumia imewekwa na kampuni kwa mahesabu yake ya biashara, uzima wa kompyuta yako ni habari nyingine kabisa, na mtu wa kipato chetu asipotenganisha hivyo viwili atalipia mashine mpya kila kampuni ikibadili mawazo.

Njia ninayoipendekeza ni Linux Mint. Ni mfumo wa bure kabisa, sio kraki, hakuna mtu atakayekudai leseni. Linux yenyewe aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kama unaiona ngeni jua kwamba Android iliyopo kwenye simu yako mfukoni imejengwa juu ya hiyohiyo. Mint ilianza 2006. Nimeichagua kati ya zote kwa sababu moja tu, aliyezoea Windows anaikuta kitufe cha menyu kiko kulekule chini kushoto na saa iko kulekule kulia, mama wa steshenari hakuniuliza swali lolote la "nabonyeza wapi" siku ya kwanza. Chukua toleo la 22 kwenda mbele, hilo linapata marekebisho mpaka 2029. Mint ina mionekano tofauti, kama ramu ni GB 4 au zaidi chukua unaoitwa Cinnamon, kama ni GB 2 au 3 chukua Xfce, ni nyepesi zaidi.

Kabla hujagusa chochote lakini, kuna watu hii haiwafai na ni bora nikwambie sasa kuliko uje unilaumu. Kama kazi yako ni Photoshop, AutoCAD, au programu ya mahesabu ya kuinstoli kwenye kompyuta kama Tally au QuickBooks ya mezani, baki Windows. Kama Excel yako ina makro nyingi za ofisini, baki. Ila kama kazi zako ni kuchapa, kuskani, imeili, mifumo ya mtandaoni, YouTube, Zoom, WhatsApp ya kwenye kompyuta, basi wewe ndio mtu ninayeongea nae.

Sasa bekapu, na hapa naomba usome taratibu. Sisi tumezoea kwamba fundi akija kupiga Windows anafuta C tu, D inabaki, ndio maana kila mtu anatupia picha na mafaili yake D na kulala usingizi. Mint haina mazoea hayo. Ukichagua "Erase disk and install Linux Mint" inafuta diski nzima, C na D na kila kitu, na haikuulizi mara ya pili kuhusu D kwa sababu kwake hiyo ni diski moja tu. Miaka ya nyuma nilimpigia binamu yangu Mint nikiwa na haraka, nikamuuliza vitu vyako viko wapi akasema viko D, nikaitikia sawa, kichwani bado nina akili ya Windows. Zilikwenda data za utafiti wake wa chuo za miezi minne. Tulipata kidogo sana kwa programu za kurudisha mafaili, na mpaka leo nikishika kompyuta ya mtu nakopi kila kitu kwenda diski ya nje, halafu nakwenda kuifungua hiyo diski kwenye kompyuta nyingine, nafungua picha mbili tatu na faili mbili tatu nione kweli zinafunguka. Fanya hivyohivyo. Kopi Desktop, Documents, Downloads, Pictures, D yote, paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, na kama unatumia Outlook usisahau faili lake la imeili. Kama huna diski ya nje azima, hii hatua hairukwi.

Kitu cha pili ni flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, itafutwa. Jihadhari na zile flashi zinazouzwa bei ya karanga zimeandikwa GB 64 kumbe ndani ni 4, ukiandikia mfumo humo inakatikia njiani na utadhani kosa ni lako. Halafu nenda linuxmint.com ushushe faili la ISO, yaani Mint nzima ikiwa imefungwa kwenye faili moja, linakaribia GB 3, kwa hiyo nunua bando la usiku au nenda sehemu yenye waifai nzuri. Faili likikatika katikati ukalazimisha kuendelea nalo utapata makosa ya ajabu mbele huko, bora ulinganishe ile namba ndefu ya sha256 iliyopo kwenye tovuti yao na ya faili lako. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile halafu jina la faili halafu SHA256, subiri kidogo. Zikifanana herufi kwa herufi uko salama.

Kuandika ISO kwenye flashi sio kukopi na kupesti, wengi wanakwama hapa. Shusha programu inaitwa balenaEtcher, ina hatua tatu tu, unachagua faili, unachagua flashi, unabonyeza kuandika. Hakikisha umechagua flashi na sio ile diski ya nje yenye bekapu, chomoa kila kitu kingine kabla hujaanza. Kama Windows ndio imeshakufa kabisa huna pa kuandikia, kuna programu ya Android inaitwa EtchDroid, unachomeka flashi kwenye simu kwa kile kiunganishi cha OTG na simu inaandika.

Halafu zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unapigapiga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9 au Esc kwanza, Acer ni F12 ila wakati mwingine imefungwa mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F2 uifungulie, Asus ni Esc au F8. Chagua flashi. Ikitokea inakuomba namba ndefu ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, usishtuke, ni kwamba Windows ilikuwa imefunga diski kwa siri, namba zenyewe 48 ziko kwenye akaunti yako ya Microsoft, na ni sababu nyingine ya kufanya bekapu kabla ya kucheza na mipangilio yoyote.

Mint itawaka kutokea kwenye flashi bila kugusa diski yako hata kidogo. Hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote na watu wanaipita mbio. Kaa nayo hata nusu saa. Unganisha waifai, cheza video usikie sauti, fungua kamera, punguza mwanga wa kioo, chomeka printa uchape karatasi moja. Kila kinachofanya kazi hapo kitafanya kazi ukishainstoli, na kisichofanya kazi unakijua mapema kabla hujafuta chochote. Waifai ikigoma, chomeka simu kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, halafu fungua Driver Manager iitafutie draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa hicho, mara nyingi inapatikana. Kwa printa ndio ninasisitiza. Pale steshenari kulikuwa na printa mbili, ile kubwa ilitambulika yenyewe kabla sijamaliza kuchomeka waya, ile ndogo ya zamani ilikataa katakata, kuna aina za printa ndogo ambazo watengenezaji hawakuwahi kujali Linux. Tulikubaliana na mama kwamba kubwa ndio itafanya kazi zote na ndogo tukamuuzia mtu mwingine. Kama printa yako ya pekee ndio hiyo inayokataa basi simama hapo, chomoa flashi, washa Windows yako kama ulivyoikuta, hujapoteza kitu zaidi ya bando.

Ukiridhika bonyeza "Install Linux Mint" iliyopo pale mezani, yaani kwenye desktop. Chagua lugha, kibodi, weka tiki kwenye multimedia codecs ili video zicheze, chagua Erase disk kama bekapu unayo mkononi, saa chagua Dar es Salaam au Nairobi zote ni mamoja, andika jina na paswedi. Hiyo paswedi iandike kwenye daftari, utaombwa kila unapoinstoli programu na hakuna namna rahisi ya kuikwepa. Kuna chaguo la kuweka Windows na Mint pamoja, binafsi siwashauri wanaoanza, Windows yenyewe ndio hiyo imeachwa na diski ya GB 256 itagawanywa mpaka zote mbili zibanane. Inachukua nusu saa hivi, kwa diski za zamani inaweza kuzidi. Ikimaliza inakwambia uchomoe flashi ubonyeze enta.

Na hapo kwenye diski, kama yako bado ni ile ya kuzunguka inayotoa mlio wa krrr krrr, nakushauri sana kabla ya haya yote ubadilishe uweke SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hata ya GB 240 tu. Mashine ya mama ilikuwa inachukua dakika tatu na ushee mpaka ikubali kufungua faili, tulipoweka SSD na Mint tukahesabu kwa saa ya simu sekunde 22 kutoka kubonyeza swichi mpaka meza imetokea. Alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nasubiri bure." Kuibadilisha ni skrubu chache za chini, diski inachomoka na mpya inaingia palepale, na ile ya zamani inunulie kava lake la USB iwe ndio ya bekapu.

Mint ikishawaka, fungua Timeshift kwanza uiwashe, hii inapiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi nyuma kama jana. Haibebi mafaili yako lakini, bekapu yako inabaki kuwa kazi yako. Halafu Update Manager, apudeti za mara ya kwanza ni nyingi kwa hiyo fanya usiku, na baada ya hapo itakuonyesha tu kwamba kuna mpya na kusubiri ubofye mwenyewe, haitakunywea bando ukiwa katikati ya kazi. Programu usiende kuzitafuta kwenye tovuti za ajabuajabu kama tulivyozoea, fungua Software Manager utafute humo, ni kama Play Store, VLC ipo, Telegram ipo. Faili za exe za Windows hazifunguki hapa, na hilo peke yake limepunguza sana vile virusi vya kwenye flashi vinavyogeuza folda kuwa shotikati. Ila flashi ya mteja inaweza kuondoka na kirusi chake ilichokuja nacho, kwa hiyo usimwambie mtu umemsafishia.

Kuchapa ni LibreOffice. Inafungua Word na Excel vizuri, ila kuna mambo mawili yatakusumbua usiporekebisha siku ya kwanza. Moja, ina mtindo wake wa kuhifadhi, mteja akipeleka faili kwingine linaweza kumgomea au kuvurugika mpangilio. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, pale kwenye aina ya faili chagua Word, halafu fanya hivyohivyo kwa Excel, imeisha. La pili ni fonti. Times New Roman na Arial hazimo, inaweka nyingine za vipimo vilevile, kwa macho hutajua, lakini msimamizi wa tasnifu akifungua anaona jina lingine la fonti anarudisha kazi. Tafuta ttf-mscorefonts-installer uinstoli, itakuletea hizo mbili na nyingine kadhaa. Calibri haimo humo, inabaki na mbadala wake Carlito wenye upana uleule wa herufi kwa hiyo kurasa hazitaruka. Na kazi ya mwisho mtumie mteja kwa PDF, hata Windows kwa Windows mimi nashauri hivyo.

Wanaotaka Kiswahili, niwakumbushe kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na LibreOffice ilitokana na hiyohiyo OpenOffice. Wanafunzi wa kompyuta mnaotafuta mradi wa kufanya, kazi ya kutafsiri programu huria bado ipo nyingi na haihitaji ruhusa ya mtu.

Ile flashi usiifute. Ibandike karatasi, iweke droo. Siku Windows ya jirani imegoma kuwaka na ana mafaili yake humo, washa kompyuta yake kwa hiyo flashi, chagua tu kuiwasha bila kuinstoli, fungua diski yake kama folda ya kawaida na umkopie vitu vyake kwenye diski ya nje. Kama imefungwa kwa BitLocker utaombwa zile namba 48, akiwa nazo inafunguka. Mama wa steshenari anafanya hiyo kazi mwenyewe sasa, amebandika karatasi mlangoni, TUNATOA MAFAILI KWENYE KOMPYUTA ISIYOWAKA, na wateja wapo.